Uchambuzi wa kisa: mpini uliobaki N kwenye mlima wa mfinyanzi

Usuli

Kisa hiki kilitokea katikati ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, kwenye barabara ya kata moja ya milima ya Usambara. Majina ya watu, ya kijiji na ya taasisi iliyomiliki gari nimeyaondoa, na tarehe kamili pia. Yaliyobaki nimeyaeleza kama yalivyotokea. Nilikuwemo garini. Kazi yangu ni kusimamia magari na madereva, na siku hiyo nilipanda kwa sababu nilitaka kuiona njia hiyo kwa macho yangu kabla ya kuruhusu safari nyingine.

Tulikuwa watano: dereva, utingo wake kijana, wauguzi wawili na mimi. Safari ilikuwa ya huduma ya mkoba, kupeleka chanjo na vifaa vya kliniki ya mama na mtoto kwenye kijiji kilicho ng'ambo ya mlima. Chanjo zilikuwa ndani ya visanduku vya baridi vyenye barafu, na zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo kila aliyekuwemo alikuwa na saa akilini.

Dereva ni mtu mzima, mtulivu, mwenye zaidi ya miaka 10 barabarani. Miaka hiyo mingi aliitumia kwenye mabasi ya abiria na magari ya mizigo katika barabara za lami. Fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, alikuwa anaijua. Gia ndogo, yaani L4, alikuwa ameitumia mara mbili au tatu, na mara zote gari lilikuwa limeshakwama. Hilo tulikuja kuliongea baadaye, na ndilo lililozaa karibu mambo yote ya asubuhi ile.

Gari na njia

Gari lilikuwa Toyota Land Cruiser ndefu, ile ambayo wengi wanaiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda 6, bila turbo, yaani bila feni ya kuisukumia hewa. Gia 5 za mkono. Pembeni ya mpini wa gia upo mpini mfupi wenye nafasi nne zinazofuatana: H2 (yanavuta magurudumu ya nyuma tu), H4 (yanavuta yote manne, gia za kawaida), N (huru, injini haivuti gurudumu lolote), L4 (yanavuta yote manne, gia ndogo). Magurudumu ya mbele yana habu za kufunga kwa mkono, yaani vifungo vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli. Tairi zilikuwa nzima lakini meno yake yalikuwa yamebaki nusu. Mzigo, tukiwemo sisi, ulikuwa kama kilo 600.

Kwa ambaye hajawahi kuushika huo mpini mfupi: unaongoza gia boksi ndogo iliyo nyuma ya ile kubwa, ambayo ndiyo inayogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiwa L4, mwendo wa kila gia unapungua, kwa gari la aina hii, kama mara 2.5. Injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, gia ya kwanza ya H4 inalisukuma gari kwa kama kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi sokoni. Gia ya kwanza ya L4 inalisukuma kwa kama kilomita 2, mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Nguvu inayofika kwenye magurudumu inaongezeka kwa kiasi hichohicho mwendo unachopungua. Mshiko wa tairi kwenye ardhi hauongezeki hata kidogo. Naomba msomaji ashike hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua ni gia ipi uweke ukiwa ndani ya L4.

Njia yenyewe huanza na changarawe, mita kama 400 za mwinuko wa kawaida. Halafu pana sehemu tambarare fupi kwenye mti wa mparachichi, na hapo changarawe inakoma. Kuanzia mparachichi ni mfinyanzi mwekundu mtupu, mita 150 hivi, wenye kona ya kushoto katikati. Upande wa ndani wa kona ni ukingo wa udongo, upande wa nje ni mashamba ya kabichi yanayoshuka hadi bondeni. Siku nyingine nilirudi kuupima mwinuko kwa simu. Pale penye kona ni digrii 14. Kwenye udongo mkavu digrii 14 ni mlima wa kawaida. Kwenye mfinyanzi uliolowa usiku kucha ni kitu kingine kabisa.

Mfuatano wa matukio

Tuliondoka mjini saa 1 asubuhi. Kabla lami haijaisha dereva alisimama, akashuka, akafunga habu zote mbili kwa mkono wake na kuzikagua. Alifanya vizuri. Tulipoingia kwenye utelezi wa kwanza akaweka H4 gari likiwa kwenye mwendo, jambo ambalo gari hili linaruhusu habu zikiwa zimeshafungwa.

Saa 3 na dakika 10 tukafika kwenye mparachichi. Utingo akauliza, "Kaka, tuiweke hapa gia ndogo?"

Dereva akajibu, "Bado, dogo. Hiyo tutaihitaji likigoma."

Nilisikia swali na nilisikia jibu. Nilinyamaza.

Tukaingia kwenye mfinyanzi kwa H4, gia ya pili, kwa kasi kidogo ili gari lipande kwa msukumo wake. Mita 60 za mwanzo zilikwenda vizuri. Kwenye kona maji yalikuwa yamechimba mfereji kukatiza njia. Dereva akapunguza mwendo asivunje springi, na papo hapo injini ikaanza kulemewa. Akakanyaga klachi kubadilisha kwenda gia ya kwanza. Katika sekunde ile moja gari likapoteza msukumo wote. Alipoachia, gia ya kwanza ya H4 ilikuwa bado ndefu mno kwa mwinuko ule, mzigo ule na mwendo ule wa karibu kusimama. Ili injini isizime akaishikilia klachi nusu huku akikanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka kidogo, yakashika, yakateleza. Harufu ya klachi inayoungua ikajaa garini. Gari likasimama.

Akakanyaga breki ya mguu, akavuta hendibreki. Mpini mkubwa akauweka huru, akakanyaga klachi, akausogeza ule mfupi kutoka H4 kwenda L4. Ukatoka H4 kwa shida, ukasogea, ukagota. Akaamini umeingia. Taa ya fowili ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, naye akaichukulia kuwa ndiyo uthibitisho. Akaweka gia ya kwanza, akashusha hendibreki, akaanza kuachia klachi huku akiongeza mafuta.

Injini ikapiga kelele na gari halikusogea mbele hata inchi. Likaanza kurudi nyuma.

Mpini ulikuwa N. Injini ilikuwa imetenganishwa kabisa na magurudumu yote manne. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu zote, kama ambavyo yeyote angefanya. Magurudumu yakasimama kuzunguka na gari likaendelea kuserereka juu ya tope kama sabuni kwenye beseni. Usukani haukusaidia kitu, kwa maana tairi lililofungwa na breki haliongozi. Tuliserereka mita kama 9. Kona ilikuwa inavuta upande wa ndani, na pembe ya nyuma kushoto ikagonga ukingo wa udongo tukasimama. Upande ule mwingine palikuwa na kabichi, kisha bonde.

Muuguzi mmoja alikuwa ameshafungua mlango aruke. Mwenzake alimshika mkono.

Maamuzi baada ya hapo, na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuwashusha watu, kwa upande wa ukingo tu, na kuweka mawe nyuma ya magurudumu yote yanayofikika. Hendibreki ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma peke yake, na tulikuwa tumeshaona breki zote nne zikishindwa na utelezi. Mawe yaliyozama kwenye tope yalitupa kile ambacho breki haikuweza kutupa.

La pili lilikuwa mpini. Dereva alitaka kuulazimisha. Nikamwomba asubiri. Meno ya gia ndani ya boksi ndogo yasipokutana, nguvu ya mkono haisaidii. Yanatakiwa yazungushwe kidogo yakutane. Mguu ukiwa kwenye breki na mawe yakiwa mahali pake, mpini mkubwa ukiwa huru, aliachia klachi kwa muda ili vyuma vya ndani vizunguke, akakanyaga tena, akahesabu mpaka tatu, akausogeza mpini mfupi. Jaribio la pili uliingia kwa mlio mmoja mfupi. Mkono ulihisi tofauti; yeye mwenyewe alisema, "Ahaa, sasa ndiyo."

Hata hivyo tulijaribu kabla ya kuamini. Breki ikiwa imekanyagwa, aliweka gia ya kwanza na kuinua klachi kidogo tu. Injini ikashuka sauti na pua ya gari ikainuka kwa mbali, ikisukumana na breki. Hiyo ndiyo dalili kwamba injini na magurudumu vimeungana. Mpini ungekuwa N, sauti isingebadilika. Jaribio hilo linachukua sekunde tatu. Lingefanyika mara ya kwanza, kusingekuwa na kisa cha kuandika.

Uamuzi wa tatu ndio tuliobishana. Dereva alitaka kupanda kutoka pale tulipo, kwa kuwa sasa L4 ilikuwa imeingia. Hoja yake ilikuwa na uzito: kurudi nyuma mita 70 kwenye utelezi kulimtisha kuliko kwenda mbele, na mimi nilielewa. Lakini tope pale lilikuwa limeshasuguliwa na tairi zetu mpaka linang'aa, na gari lilikuwa limekaa mshazari, nyuma imeegemea ukingo. Kuanza kusogea kutoka kusimama, juu ya ardhi iliyosuguliwa, kuelekea kwenye kona yenye mfereji, ni kuomba kuserereka mara ya pili. Tukaamua kurudi hadi kwenye mparachichi na kuanza upya.

Tulirudi kwa L4, gia ya nyuma, mguu ukiwa mbali na klachi, injini ikilishikilia gari. Utingo alisimama upande wa juu wa gari, kamwe si nyuma yake, akielekeza kwa mikono. Ilichukua dakika nne na gari halikuteleza hata mara moja. Dereva aliponiambia, "Mzee, kumbe linajishikilia lenyewe," nilijua amejifunza kitu ambacho semina tatu zisingemfundisha.

Wakati huo vijana wanne waliokuwa wanaelekea shambani walitukuta. Hawakuombwa. Walichukua majembe yao wakaparua tope la juu kwenye kona, kama upana wa vidole vinne, mpaka udongo mgumu ukatokea, wakajaza mawe kwenye mfereji. Watu wa njia hiyo wanaijua kuliko sisi.

Uamuzi wa nne: gia gani. Wengi husema L4 ni gia ya kwanza. Tulichagua ya pili. Kwenye utelezi, gia ya kwanza ya L4 ina nguvu kuliko ardhi inavyoweza kupokea. Ukigusa mafuta kidogo tu tairi linazunguka bure na kuchimba. Ya pili inatosha kupanda bila kulemewa na inampa dereva nafasi kubwa ya kukosea kwa mguu. Makubaliano yalikuwa haya: gia ya pili tangu kwenye mparachichi mpaka kileleni, hakuna kubadilisha, hakuna kugusa klachi, mafuta yabaki palepale, na tairi zikianza kuteleza apunguze mafuta badala ya kuongeza.

Wauguzi na visanduku vya chanjo walipanda kwa miguu. Tukaenda. Kwenye kona pua ilianza kusogea nje kuelekea kabichi. Dereva akapunguza mafuta kwa unywele, tairi zikashika, pua ikarudi. Dakika mbili na nusu baadaye tulikuwa juu.

Kushuka, na lile la jioni

Upande wa pili ni mteremko wa zaidi ya kilomita moja, mfinyanzi uleule. Hapo tuliweka L4 gia ya kwanza, kwa sababu kushuka ndiko unakotaka injini iwe na kauli ya mwisho. Nilimweleza jambo moja ambalo linakwenda kinyume na silika ya kila dereva: magurudumu yakianza kuserereka ukishuka, usikanyage breki, gusa mafuta. Gari linaserereka kwa sababu linakwenda kasi kuliko magurudumu yanavyozunguka. Ukiyaongezea mzunguko kidogo yanalingana na ardhi, yanashika, na usukani unafanya kazi tena. Ilimtokea mara mbili. Mara ya kwanza mguu ulishakwenda kwenye breki akaurudisha. Mara ya pili aligusa mafuta bila kuambiwa.

Kliniki ilifanyika. Jua likawaka kuanzia saa 7 na njia ikakauka kuliko tulivyotarajia. Tulirudi kwa L4 kwenye miteremko, salama kabisa, lakini chini kabisa tulipofika kwenye uwanja wa saruji wa ghala moja, dereva akakata kona kali kuligeuza gari huku L4 ikiwa bado imo. Usukani ukawa mzito, gari likawa kama limeshikwa na mtu kwa nyuma, na mpini ukakataa kutoka. Alianza kuuvuta kwa mikono miwili.

Fowili ya gari hili haina difu ya kati, yaani gia zinazoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa, ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu zaidi. Kwenye tope tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza kidogo. Kwenye saruji hakuna kuteleza, na msokoto unabaki ndani ya shafti na gia, ukizibana. Nilimwomba anyooshe usukani na kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Mita sita, mpini ukatoka wenyewe kwa kidole.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Chanjo zilifika zikiwa ndani ya nyuzi zake, saa 1 na dakika 40 nyuma ya ratiba, na akina mama walikuwa bado wanasubiri. Bampa ya nyuma ilipinda na taa moja ikavunjika. Wiki tatu baadaye klachi ilianza kuteleza ikiwa kwenye gia ya tano. Fundi alipofungua alikuta pleti imeungua na uso wa flaiwili una madoa ya bluu ya joto. Klachi hiyo ilikuwa na mwaka mmoja tu. Siwezi kuulaumu mlima wote kwa hilo, lakini ile harufu tuliinusa sote.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa mkono uliokosea nafasi ya mpini. Lilikuwa wazo kwamba gia ndogo ni kifaa cha uokoaji, kama jeki au kamba ya kuvuta, kitu unachokitoa mambo yakiharibika. Nimelikuta wazo hili kwa madereva wazuri wengi. Shida yake ni kwamba linakupeleka kuuhitaji mpini mahali pabaya kuliko pote pa kuusogeza: katikati ya mwinuko, gari likiwa limesimama kwa breki, mzigo wote umeegemea gia, moyo unapiga. Gari la aina hii linataka lisimame kabisa ndipo uweke L4, na linapenda lisimame mahali tambarare. Kwenye mparachichi pangechukua sekunde kumi. Utingo aliliona hilo.

Kuna hesabu nyingine iliyotusaliti bila kuonekana. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri ya asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inapungua. Njia hii iko karibu mita 1,600. Dereva aliyelizoea gari hilohilo akiwa Tanga mjini anabeba matarajio ambayo huku juu gari haliwezi kuyatimiza, na H4 gia ya kwanza iliyompandisha kwenye vilima vya chini inamwacha katikati ya kona. L4 inafidia hilo kwa urahisi, lakini ikiwekwa mapema.

Kuhusu N, naandika kwa herufi nzito kichwani mwangu. Mpini mfupi ukiwa N, kuliacha gari kwenye gia hakulishiki. Ile tabia nzuri ya kuzima injini na kuacha gia ya kwanza mlimani inakuwa haina maana. Taa ya dashibodi kwenye gari hili huwaka H4 na huwaka L4. Siku ile iliwaka hata mpini ulipokuwa N, kwa hiyo haikwambii uko wapi. Kinachokwambia ni jaribio la klachi dhidi ya breki, na hakuna kingine nilicho tayari kukiamini.

Kulikuwa na njia ya tatu pale gari liliposimama mara ya kwanza, na hatukuifikiria. Dereva angeweza kuuacha mpini H4, akaweka gia ya nyuma, na kushuka taratibu kwa injini na breki kidogo hadi kwenye tambarare, bila kugusa mpini mfupi mlimani. H4 ya nyuma ni ya kasi kuliko L4, ndiyo, lakini injini ingekuwa imeunganishwa muda wote. Na kama ukiwa L4 injini ikizima ghafla mlimani, usiachie kitu: kanyaga breki, weka gia ya nyuma, toa mguu kwenye klachi kabisa, shusha hendibreki, legeza breki ya mguu polepole mpaka uone injini iliyozimika inalishikilia gari, kisha washa kwa ufunguo likiwa ndani ya gia. Stata italisogeza nyuma, injini itashika, nawe utashuka bila kuwahi kuwa huru. Magari mengine mapya hayakubali kuwaka bila klachi kukanyagwa. Dereva aijue tabia ya gari lake kabla ya siku ya mvua.

Habu zilikuwa zimefungwa, na ninalisifu hilo kwa sababu kosa la upande huo huvunja vyuma. Ukiweka L4 habu zikiwa wazi, ekseli ya mbele haivuti, na ile nguvu iliyoongezwa mara 2.5 inakwenda yote kwenye ekseli ya nyuma. Shafti za ndani hazikutengenezwa kuibeba peke yake mlimani na mzigo.

Tairi zilichangia, zilistahili kubadilishwa kabla ya masika.

Pia ningependa mtu asitoke hapa akaweka L4 gia ya kwanza kila penye shida. Kwenye mito ya mchanga ya Dodoma, kwa mfano, gari linahitaji mwendo ili lielee juu. Gia ya kwanza ya L4 inachimba shimo na kulilaza gari kwenye tumbo. Huko ni H4, au L4 gia ya tatu ikiwa mchanga ni mzito, pamoja na kupunguza upepo wa tairi. Gia ya tatu ya L4 iko karibu na gia ya kwanza ya H, kwa hiyo kuingia L4 si lazima kuwe ni kutambaa.

Sehemu ngumu kwangu kuiandika ni ukimya wangu pale kwenye mparachichi. Nilijua jibu sahihi. Nilinyamaza kwa kumheshimu mtu mzima mbele ya wauguzi na kijana wake, nikiamini ataligundua mwenyewe. Heshima ya namna hiyo ilikaribia kutugharimu watu watano. Ningeweza kumwita pembeni, au kusema tu, "Kaka, niwekee hapa nione," na hakuna ambaye angevunjiwa heshima. Nilikuwa pia nimemruhusu kwenda njia ile bila kumwuliza swali moja rahisi: mara ya mwisho uliweka L4 wapi, na kwa nini?

Kilichobadilika

Kila dereva anayekwenda njia za milimani sasa huulizwa swali hilo, kisha huonyesha kwa vitendo: H4 kwenda L4 akiwa tambarare, jaribio la klachi na breki, kurudi nyuma mlimani kwa injini, na kulitoa gari kwenye msokoto. Tunafanya kwenye changarawe kavu, si kwenye tope, ili mkono ujifunze bila hofu.

Kwenye njia ile mparachichi umekuwa kituo. Gari linasimama, mpini mfupi unawekwa L4, utingo anasema kwa sauti amesikia injini ikishuka, ndipo breki inaachiwa. Utingo ana haki ya kukataa, na dereva yule ndiye aliyependekeza iwe hivyo.

Kibandiko kidogo kimewekwa juu ya mpini wa kila gari, kikisema N haishiki. Tumekiweka pia kwenye Prado yetu, ambayo ni otomatiki, maana hata P, nafasi ya kuegesha, nayo hailishiki gari gia boksi ndogo ikiwa N.